Ubeti wa Mama Uliokatwa Studio

Siku yangu ya kwanza kazini, kiongozi wa bendi, tuliyemwita Cheamani, alichukua gitaa langu akanipa biro. "Wapiga gitaa niko nao wengi," akasema. "Wewe andika." Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtunzi wa nyimbo, katika baa moja ya Kawangware, Nairobi, tuliyofanyia mazoezi mchana, mgeni kutoka Lubumbashi nisiye na kibali cha kuishi Kenya.

Nyinyi mnaotunga kwa kompyuta hamjui raha yetu. Maneno yalikuwa machache tu. Kisha likaja sebene, pale magitaa yanapochangamka na watu wanainuka kucheza, na juu yake tukatupia salamu: majina ya marafiki na mitaa yao. Wimbo usio na salamu ulionekana umechacha.

Wimbo wangu wa kwanza kurekodiwa ulikuwa na ubeti wa Kiluba, lugha ya kwetu, aliokuwa akiuimba mama akitwanga mihogo. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi chumbani wiki nyingi. Fundi wa studio akalalamika kwamba wimbo ni mrefu, na Cheamani akaukata ubeti huo huo. Nairobi nzima, aliniuliza, nani angeuelewa? Nilinuna. Ili kujipoza nikajipa salamu mwenyewe: Ilunga wa Kawangware, ploti ya Mama Njeri, nyuma ya kisiagi cha unga.

Ujinga mtupu. Redio ilipoanza kuupiga, nikatambua kwamba nimewatangazia polisi ninapolala. Nikahamia Kianda, kule Kibera, nikamwomba Mama Njeri, mwenye ile ploti niliyopanga chumba, akiulizwa aseme hanijui. Yeye peke yake ndiye aliyejua nilikohamia. Kila gari lililosimama karibu lilinitoa jasho.

Alasiri moja Mama Njeri akatokea mlangoni pangu, nyuma yake mwanamke aliyekonda, viatu mkononi.

"Huyu alikuja kukuuliza," akasema. "Nikamwambia sikujui, aende. Akakaa hapo kwa mlango akaanza kuimba kale kawimbo kako ka Kiluba, kale hakako kwa redio. Na si nilikuwa nakasikia kila siku kwa hizo mabati za chumba chako?"

Alikuwa dada yangu Ngalula. Tulipotezana njiani tukitoroka kwetu, nami nilikuwa nimeshamlilia kama marehemu. Alisikia sauti yangu kwenye kaseti dukani Arusha, akafuata salamu zangu hadi kwenye kisiagi. Nililia bila haya, na kwa mara ya kwanza tangu nije Kenya nikalala usingizi mzito.

Cheamani hakuomba msamaha. Katika wimbo uliofuata alisema tu, "Salamu za Mama Njeri ziwe za kwanza."

Baadaye nilipata kibali, nikaandikia bendi nyingine mbili na harusi za mtaa wa Makina mpaka vidole vikakataa biro. Sasa nimestaafu, na Ngalula bado huimba ubeti ule akiosha vyombo. Nilimlaumu Cheamani bure. Angeuacha kwenye kanda, kila mtu angeuimba, na Mama Njeri angemfukuza dada yangu kama mpelelezi. Kwa hivyo mkikatiwa ubeti, nuneni mnavyotaka, lakini msiache kuuimba nyumbani.