Siri ya Mke Wangu Niliipeleka kwa Dada Zangu

Kosa ni langu, usinitafutie kisingizio. Nimekaa nalo mpaka limenichosha, leo nalitua kwako wewe usiyenijua.

Mimi ni Mwislamu, nauza spea za pikipiki hapa Malukhu, Mbale. Mama yangu alipopooza, mke wangu ndiye aliyemuuguza. Kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji kwa kijiko, yote yeye. Dada zangu walikuja na matoke yao, wakalia kidogo, wakarudi makwao. Na mimi? Nilikuwa dukani! Kuuguza ni kazi ya wanawake, ndivyo nilivyosema.

Mama akafariki. Tangu hapo mke wangu akawa kimya, hali vizuri, halali vizuri. Akaniomba twende kwa mshauri, mama mmoja wa kule Nkoma anayewasikiliza watu wenye mizigo moyoni. Nikakubali, lakini kwa akili gani! Kwetu mume na mke wakikorofishana wanaitwa mbele ya wakubwa, kila mmoja anasema yake, mwisho mwenye kosa anatajwa. Nikadhani ni yale yale. Nikavaa kanzu safi, nikaenda kushinda kesi.

Lo! Yule mama hakuhukumu mtu. Alisema tu, "Ya humu yabaki humu," kisha akamwachia mke wangu nafasi. Mke wangu akasema kwa shida, macho chini: "Mama alipokata roho, nilishukuru. Nilikuwa nimechoka." Akalia kilio ambacho hata msibani sikumwona akilia.

Nikangoja mshauri amkaripie. Thubutu! Alimpa kitambaa. Nikatoka mle nimefura kwa hasira.

Jumapili dada zangu wakaja nyumbani. Nikawaambia mbele yake: "Muulizeni huyu alivyofurahi mama yetu alipokufa." Wallahi, heri ulimi ungenikatika! Dada mkubwa akamwita mchawi. Mke wangu hata hakumtazama yeye. Alinitazama mimi tu. Asubuhi akapanda gari kwenda Jinja, kwa ndugu yake wa Kimaka, na hajarudi.

Nilimpigia simu, nikamwomba twende tena kwa mshauri.

"Nikaseme nini, bwana wangu? Dada zako wamebakiza hamu ya kusikia lipi?"

Akakata.

Sasa naenda peke yangu. Siku moja mshauri akaniuliza, mama alipokuwa kitandani mimi niliomba dua gani. Jibu likanitoka. Nilimwomba Mungu amchukue, apumzike. Niliomba hivyo msikitini, na habari ya kifo iliponifikia dukani, nilipumua. Nilishukuru! Mimi ambaye sikumgeuza mama yangu hata mara moja!

Dada zangu hawalijui hili. Mpaka leo wakija wanamsema mke wangu, nami nakunywa chai yangu kimya. Unaona nilivyo mwoga? Naweza kukwambia wewe, wao siwezi.

Ndugu yangu, ukienda kwa mshauri na mwenzako, usiende kutafuta mshindi. Utasikia maneno ya kukuuma. Yaache yakuume wewe, hapo hapo, na ukitoka mlangoni funga mdomo! Ukiyapeleka barazani utapata watu wengi wa kukuunga mkono.

Mimi niliwapata. Kesi nilishinda, na chakula nala peke yangu.