Hatua Saba Kutoka kwa Jenerali

Kwa miaka arobaini na miwili Mzee Fanueli wa Lukozi alipalilia kaburi la jenerali wa Prusia, Ujerumani ya zamani, wala hakuna aliyemuuliza sababu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, akishamwagilia kabichi zake, alipanda na jembe dogo mpaka makaburi ya zamani ya usharika, akang'oa magugu na kusugua kuvu kwenye jiwe. Mchungaji mmoja aliwahi kumfasiria maandishi yake, naye akayashika kwa moyo: jenerali aliingia shule ya kijeshi akiwa na miaka kumi na mmoja, akapigana vita vitatu, akajeruhiwa katika viwili, akastaafu, kisha akaja Usambara kutafuta hewa ya kumponya kifua. Hakupona.

Jiwe halikumtaja Rubeni, babu yake Fanueli, aliyemwongozea farasi kutoka Mombo na kumtunza mnyama huyo hadi mwisho. Rubeni alifariki wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, akazikwa haraka hatua saba kutoka miguuni pa jenerali, kuelekea bondeni. Hakuwekewa jiwe; alipandiwa mmea wa isale kichwani, kama Wasambaa walivyozoea kutia alama makaburi. Benjamini, baba yake Fanueli, alimpimia mwanawe hatua hizo na kumwachia kazi hiyo ya kupalilia.

Mwaka jana vijana wa usafi walifyeka isale lile hadi ardhini wakidhani ni gugu. Fanueli hakuhangaika. Jiwe la jenerali lilikuwepo. Masika yakifika angepima na kupanda upya.

Kabla mvua hazijaanza, tangazo likasomwa kanisani: makaburi yasiyo na ndugu yatasawazishwa na mawe yake kuondolewa, maana nafasi imekwisha. Mwenye ndugu asimame.

Fanueli akasimama.

"Baba Jesca, kaburi lipi?" akauliza mzee wa kanisa, Tobia.

"La jenerali."

Kicheko kikazagaa. "Kumbe shemeji una wajomba Ujerumani!" akatania Filomena, dada wa mkewe. "Na hutuletei hata chokoleti!"

"Si ndugu yangu, shemeji. Babu yangu amelala miguuni pake, hana alama nyingine. Mkiliondoa jiwe lile, nimempoteza."



Baada ya ibada Tobia na Filomena wakapanda naye makaburini. Fanueli akapima hatua saba, akachimba, akakuta udongo mtupu.

"Baba alikuwa mrefu kuliko mimi," akasema taratibu.

Akarudi miguuni pa jenerali. Tobia akamshika kiwiko, naye akaitupa miguu yake mizee mbali kadiri magoti yalivyomruhusu, akihesabu kwa sauti. Kwenye ya saba jembe likagusa kisiki cha isale, kibichi, kimeanza kuchipua.

Filomena akavua kitenge chake cha mabegani, akapiga magoti, akaanza kuondoa udongo kwa mikono.

"Na jenerali?" Tobia akauliza.

"Mwacheni kwanza, isale likue," akajibu Fanueli.

Mwezi uliofuata Fanueli alipanda na jembe lake kama kawaida. Safari hii alianza kwa babu.