Bi Kobe Achoma Tairi

Kwa miaka ishirini na sita Lorna Tregilgas aliendesha basi la shule la Kooralta, mji wa wakulima wa ngano kaskazini mwa Adelaide, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kugonga wala kugongwa. Kwenye barabara ya vumbi iendayo mashambani hakuvuka kilomita sitini kwa saa hata siku moja. Watoto walimwita Bi Kobe. Jina hilo lilipokezwa darasa hadi darasa, mpaka baadhi ya waliolitunga wakawa sasa ni wazazi wa watoto aliowabeba. Lorna alilijua jina lake na halikumkera. Alisema kobe hajawahi kusababisha ajali.

Mumewe, Royce, alikuwa ameondoka miaka minne nyuma. Alikwenda kuishi Perth na mwanamke aliyekuwa akiuza mashine za kuvunia, na hakukuwa na kelele nyingi. Siku ya kufungasha vitu alimwambia Lorna kwamba pikipiki iliyokuwa bandani ni yake, auze tu, hela akae nayo. Akamsainia na karatasi. Lorna akaifunika kwa turubai, akaweka magunia ya chakula cha kuku mbele yake, akaisahau.

Mwaka aliotimiza hamsini na nne akataka nafasi bandani. Akampigia simu Dudley Hentschke, mzee wa miaka sabini mwenye yadi ya magari mabovu nje kidogo ya mji, njiani kwenda kwenye maghala ya nafaka. Dudley alikuja na betri, akachechemea kuizunguka ile pikipiki, akafunga betri, akasafisha plagi, na baada ya nusu saa injini ikakohoa, ikawaka. Akasema klachi inabidi aijaribu kabla hajataja bei. Akaomba ruhusa achafue sakafu kidogo. Lorna, akidhani ni mafuta yatadondoka, akamwambia achafue tu.

Dudley akaliegemeza gurudumu la mbele kwenye nguzo ya zege, akabana breki, akapiga resi, akaachia klachi. Pikipiki haikwenda popote. Gurudumu la nyuma lilizunguka pale pale, likalia, likatoa moshi mweupe uliojaa banda lote na kutokea madirishani. Kuku walitawanyika. Kwa sekunde kumi hivi Lorna hakuona hata mikono yake.

Alikuwa anajiandaa kukasirika. Badala yake alijikuta amesimama kwenye ule moshi, amefumba macho, na mngurumo unampanda kutoka kwenye nyayo mpaka kwenye meno. Moshi ulipopungua Dudley akaanza kuomba radhi kwa ajili ya kuku, akataka kutaja bei.

"Siuzi," Lorna akasema.

"Bei yenyewe hujaisikia."

"Sina haja ya kuisikia. Nataka unifundishe hiyo."

Dudley alimtazama akingoja acheke. Hakucheka. Ujanani mzee huyo aliwahi kushinda mara mbili mashindano ya kuchoma tairi kwenye maonyesho ya pikipiki ya Kooralta, na tangu hapo waliokwenda kwake kuomba wafundishwe walikuwa vijana watupu, ambao wengi wao polisi walishawanyang'anya magari kwa kuchoma tairi barabarani. Akamwuliza kama anajua kuendesha. Lorna akamjibu kwamba alikuwa akiswaga kondoo wa baba yake kwa pikipiki kabla hajaota meno ya utu uzima. Wakakubaliana Jumamosi asubuhi, nyuma ya yadi, kwenye sakafu ya saruji iliyobaki baada ya karakana ya zamani kubomolewa. Si barabarani, hata kwa bahati mbaya. Leseni ya Lorna ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Maelezo yenyewe yalikuwa machache. Unamwaga maji kidogo chini ya gurudumu la nyuma ili liteleze. Unaweka gia ya pili. Unasogea mbele mpaka kifua kinakaribia tenki, uzito wako ukandamize gurudumu la mbele. Vidole viwili vinabana breki ya mbele, kiganja cha mkono huohuo kinavuta mafuta, na injini ikishapandisha sauti, unaiachia klachi ghafla, yote kwa mara moja.

Hapo kwenye ghafla ndipo Lorna aliposhindwa. Miaka ishirini na sita mguu wake ulikuwa umezoea kuiachia klachi taratibu ili mtoto wa darasa la kwanza asipige pua kwenye kiti cha mbele, na sasa mkono nao ulifuata tabia ya mguu. Wiki ya kwanza injini ilizima mara kumi na nne. Wiki ya pili ilizima mara chache, lakini pikipiki ikawa inarukaruka kama mbuzi. Wiki ya tatu gurudumu lilianza kuzunguka, na papo hapo yeye akapunguza mafuta.

"Dada, unalionea huruma," Dudley alimwambia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari alichokiweka nje, kikombe cha chai mkononi.

"Nani?"

"Tairi. Hilo ni tairi kipara, nimelitoa jalalani. Si mtoto wa mtu."

Wiki ya nne akafaulu. Alisikia gurudumu likishika, likaachia, kisha likaanza kuimba, na moshi ukampitia mabegani kutoka nyuma. Vipande vya mpira vya moto vikamchoma kwenye mashavu ya miguu kwa sababu alikuwa amevaa suruali ya kazini, nyepesi. Alicheka ndani ya helmeti ambako hakuna aliyemwona. Usiku huo aliosha nywele mara mbili, na kesho yake kanisani mwanamke wa kiti cha nyuma akauliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu kinaungua.

Mambo yakaenda vizuri mpaka Septemba. Asubuhi moja yenye joto lisilo la msimu, vidole vyake vikiwa na jasho, breki ilimponyoka katikati ya moshi. Pikipiki ikafyatuka chini yake. Yeye akaanguka chali kwenye saruji, mkono wa kushoto ukiwa chini, na ile pikipiki ikaenda peke yake, ikatoka getini, ikakatiza barabara, ikapasua uzio wa jirani na kulala kwenye shayiri.

Dudley alifika barabarani akichechemea mbio, akatazama huku na huku. Hakukuwa na gari hata moja. Alirudi akimwambia Lorna kwamba hakuna aliyeona, wataiburuta irudi, watafunga geti, na uzio ataurekebisha mwenyewe kabla mwenye shamba hajaamka vizuri. Lorna alikuwa amekaa chini akiupakata mkono wake. Alikuwa anaitazama ile barabara. Kila siku saa kumi kasoro dakika ishirini alipita pale na basi, na watoto wanane walikuwa wakishuka kwenye kona inayofuata na kutembea.

"Nipeleke polisi," akasema.

"Mkono huo ni wa hospitali, mama."

"Polisi kwanza."

Kituo cha Kooralta kilikuwa na askari mmoja, Sajini Gill, mwanamke wa Kihindi aliyezaliwa Adelaide na kuhamishiwa pale mwaka uliotangulia. Alimsikiliza Lorna mpaka mwisho akiutazama ule mkono unavyovimba. Akauliza kama alikuwa anaendesha pikipiki hiyo kwenye barabara ya umma.

"Mimi nilibaki yadini," Lorna akasema. "Yenyewe ndiyo iliyokwenda."

Sajini aliinamisha uso kwenye karatasi kwa muda. Mwishowe alimwandikia onyo, akampeleka hospitali kwa gari la polisi, na Jumatatu akaenda yadini kwa Dudley. Aliagiza mambo matatu: geti lifungwe kwa kufuli wakati wote wa mazoezi, kizuizi cha chuma kifungwe sakafuni mbele ya gurudumu la mbele, na Lorna ajifunge mkononi kamba itakayozima injini akianguka. Mwenye shamba alitengenezewa uzio wake, akapelekewa na keki.

Lakini mji wenye watu mia tisa hauna siri. Kufikia Jumatano kila mtu alijua kwa nini basi linaendeshwa na dereva wa muda, na kufikia Ijumaa wazazi walikuwa wameomba kikao shuleni. Aliyekiomba ni Bronte Lawrie, mama wa watoto wawili, ambaye utotoni mwake alikaa kwenye basi hilohilo, kiti cha tatu kushoto.

Lorna alikwenda na mkono uliovunjika ukiwa kwenye plasta. Bronte alisimama, na ilionekana hakufurahia kusimama.

"Anti Lorna, wewe ulinibeba miaka saba. Siku baba alipofariki wewe ndiye uliyenishika mkono mpaka mlangoni, sijasahau. Ila sasa nina watoto wangu. Siwezi kumwachia wanangu mtu anayecheza na kifo siku ya Jumamosi."

Watu wachache waliitikia kwa vichwa. Mwalimu mkuu akamwuliza Lorna kama ana la kusema. Hakuwa msemaji. Alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi lakini miwani aliisahau nyumbani.

"Mmejua kwa sababu nilikwenda kusema mwenyewe," alianza. "Ningenyamaza, msingejua. Nataka mlifikirie hilo kwanza. Basini nina watoto thelathini na mmoja. Kule kwenye saruji niko peke yangu. Siku nikianza kuchanganya hayo mawili, sitangoja kikao. Nitaleta funguo mwenyewe."

Hakuna aliyempigia makofi. Walizungumza saa nzima, na mwisho wakaamua abaki. Bronte hakukubali. Hata mkono wa Lorna ulipopona na akarudi usukanini, muhula mzima aliwapeleka watoto wake kwa gari lake, kilomita ishirini na mbili kwenda na ishirini na mbili kurudi, na walipopishana njiani na basi aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kumsalimu, kama watu wote wa huko wafanyavyo, na Lorna aliinua chake. Muhula uliofuata wale watoto walionekana kituoni asubuhi moja na mabegi yao. Lorna alifungua mlango, wakapanda.

Plasta ilikuwa imeondolewa Novemba. Mkono ulikuwa mwembamba na dhaifu, lakini huo ulipona kwa kukamua mpira wa tenisi. Kilichokuwa kigumu ni woga. Jumamosi mbili alikaa juu ya pikipiki bila kuiwasha, helmeti kichwani, akilitazama lile geti lililofungwa. Dudley hakumhimiza. Alitengeneza chai, akasoma gazeti la wakulima, akalalamika juu ya bei ya shaba. Jumamosi ya tatu Lorna alijifunga kamba mkononi, akaikagua mara nne, akawasha.

Wakati huo ndipo Royce alipopiga simu kutoka Perth. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Nasikia unaichoma pikipiki yangu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kucheka.

"Yako uliiacha. Naichoma yangu."

Royce akauliza anatumia vidole vingapi kwenye breki. Wakazungumza habari za breki, na upepo wa tairi, na jinsi injini ile inavyopata joto upande wa kulia, dakika arobaini nzima. Lorna alipokata simu alikaa jikoni akijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho waliongea muda mrefu hivyo walipokuwa mume na mke, asikumbuke. Haikumhuzunisha sana. Aliona tu kwamba ni hivyo.

Maonyesho ya pikipiki yalikuwa Machi, nyuma ya uwanja wa mpira. Walijiandikisha watu tisa kushindana kuchoma tairi. Lorna alikuwa mwanamke pekee, na mkubwa kuliko wote isipokuwa mmoja. Alivaa suruali ya ngozi ya kuazima iliyombana kiunoni, na tangu asubuhi hakuweza kumeza kitu zaidi ya nusu ya pai ya nyama. Dudley alikuwa amemfungia tairi lenye nyuzi zinazochungulia, akamwambia halitavuka dakika mbili.

Alipoitwa, mtu wa zimamoto alimwagia maji sakafuni. Kwenye wavu wa pembeni walijipanga watoto wa basi, wadogo kwa wakubwa, wakiimba "Kobe, Kobe," na wazazi wao wakijifanya hawajui jina hilo limetoka wapi. Lorna alilaza kifua kwenye tenki. Aliachia klachi.

Moshi ulipanda mara moja. Alihisi sehemu ya nyuma ikitaka kukimbilia kushoto, akaikandamiza kwa goti, ikatulia. Joto likapanda mapajani. Alitaka kupunguza mafuta, kama kila mara, na kama alivyojifunza akahesabu majina ya vituo vya basi badala yake: kwa Noske, darajani, kwenye tenki jekundu, kona ya Lawrie. Alipofika kituo cha kumi na moja tairi lilipasuka kwa mlio kama wa bunduki, na rimu ikasaga saruji kwa cheche. Alizima injini. Kwa kitambo hakusikia kitu, halafu akasikia honi za magari yote yaliyoegeshwa kuzunguka uwanja.

Alishika nafasi ya nne. Waamuzi walisema moshi wake ulikuwa mzuri ila alikaa sehemu moja tu, hakuiyumbisha pikipiki kulia na kushoto kama kijana wa Port Pirie aliyeshinda. Lorna aliona wamesema kweli. Dudley alienda kuigusa rimu akaungua kidole, na muda wote uliobaki wa maonyesho alikuwa ametia kidole hicho kwenye chupa ya bia baridi akimweleza kila aliyepita kwamba huyo ni mwanafunzi wake.

Jumatatu basi lilifika kila kituo kwa wakati. Mtoto mmoja wa darasa la pili alimwuliza kwa nini watu wanachoma tairi na pikipiki haiendi popote. Lorna alilifikiria swali hilo mpaka kwenye daraja, maana lilikuwa swali la haki, kisha akamwambia kwamba hajui wengine, ila yeye alikaa kimya miaka mingi na alipenda ile kelele.

Kuyumbisha kulimchukua miaka miwili mingine. Mwaka wa tatu alishika nafasi ya pili. Mkono wa kushoto humuuma baridi ikija, na kwenye miezi hiyo hufanya mazoezi kidogo.