Lambo Lilipofika Alama Nyekundu

Nilikuwa mmoja wa watu waliokaa ofisini mjini Shinyanga wakapanga maji ya miaka mingi ijayo: ya kunywa, ya mpunga, ya ng'ombe na ya samaki. Kanuni ya malambo niliiandika mimi. Maji yakishuka hadi alama nyekundu, mifereji ya majaruba ya mpunga ifungwe, yaliyobaki yawe ya watu na mifugo. Kwenye sehemu ya samaki tuliandika kwamba watatumia kitakachosalia. Hakuna aliyebisha. Tukafungua ukurasa mwingine.

Msimu uliofuata mvua ilikatika mapema, mpunga ukiwa ndiyo kwanza unatoa masuke. Lambo la kwanza kufika alama nyekundu lilikuwa la kijijini kwetu, karibu na Didia. Nikatumwa kwenda kufunga mfereji.

Nilimkuta baba yangu amekaa juu ya tuta la lambo, karibu na geti la mfereji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja nyumbani au umekuja kazini?"

"Kazini."

Alitazama majaruba, kisha akanitazama mimi. "Wiki mbili tu, ng'wanawane, mwanangu. Punje zijae. Baada ya hapo funga hata milele."

Chini yetu akina mama walikuwa wamepanga foleni ya madumu kwenye ukingo wa tope. Walikuwa wananisubiri nijibu.

"Nikikuachia wewe, baba, nitamkatalia nani?"

"Ningekuwa si baba yako, ungefunga?"

"Ningefunga."

"Basi funga."

Gurudumu la geti lilikuwa na kutu. Niling'ang'ana nalo kwa mikono yote miwili mpaka kiganja kikachanika, na baba, ambaye angeweza kulizungusha kwa mkono mmoja, hakuinuka. Maji ya mfereji yalipokatika, aliondoka bila kuniaga. Siku chache baadaye nilisikia amewaingiza ng'ombe jarubani mwake ili wale mpunga ungali kijani. Nilijikaza. Nilijiambia angalau watu watakunywa.

Kabla ya mwezi kuisha akanipigia simu mama mmoja aliyekuwa akikausha perege wa lile lambo na kuwauza mnadani. "Njoo uone ulichotuwekea," akasema, akakata.

Nilisikia harufu kabla sijaliona lambo. Maji yalikuwa yamebaki dimbwi tu, moto kama ya kumwogeshea mtoto, na perege walielea wamepindua matumbo. Waliokuwa hai walitweta juu ya maji. Ng'ombe walinusa wakarudi nyuma. Wanawake wale wale wa madumu walikuwa wamesimama, hakuna aliyechota.

"Samaki mliwaandikia maji kiasi gani?" yule mama akaniuliza.

"Kitakachosalia," nikasema.

"Na sisi sasa tunakunywa nini?"

Nilivua viatu nikaingia kwenye tope hadi magotini, nikaanza kuzoa samaki kwa mikono na kuwatupa ukingoni. Wanawake wakaingia mmoja mmoja. Nililia, wala sikujificha. Nilipoinua kichwa nikamwona baba ameshika jembe, anachimba shimo la kuwafukia. Tulifanya kazi hadi jua likazama.

Haikusaidia. Maji yalikuwa yameshaharibika. Mpaka mvua iliporudi, watu walitegemea gari la maji lililokuja siku likijisikia, na wengine waliugua matumbo.

Ofisini nilidai samaki watengewe maji yao, na alama nyekundu ipandishwe. Walikubali. Lakini alama ikipanda, mfereji unafungwa mapema zaidi, na katika mwaka wa mvua haba hakuna mpunga utakaokomaa pale. Nililijua hilo nilipokuwa nikiandika, nikaandika.

Baba alihamia Runzewe kwa kaka yangu, anauza mahindi. Akipiga simu huniuliza habari za watoto. Za kazi haulizi, na mimi simwambii.