Kidole Gumba cha Bibi na Maziwa ya Mama

Nilipokuwa mtoto, kwetu mlimani juu ya Moshi, niliogopa kidole gumba kimoja kuliko nilivyoogopa chui. Kilikuwa cha bibi, mama yake baba. Ugoro ulikuwa umekigeuza rangi, na chini ya ukucha wake kulilala samadi ya tangu asubuhi.

Mdogo wangu Elia alikuwa bado mchanga alipoota utando mweupe mdomoni, kama mtindi, ila haufutiki. Akishika ziwa anaachia, analia, anashika tena. Mama naye chuchu zilimpasuka, akawa ananyonyesha huku ameuma pindo la kanga.

Wakati huo baba alikuwa kazini mbali, Tanga. Basi bibi akawaambia wanawake waliotuletea mtori, supu ya ndizi ya mzazi, kwamba mama amembemenda mtoto, yaani amelala na mwanamume kabla mtoto hajaacha ziwa, na maziwa yamechachia kifuani. Mwanamume gani, hakusema. Alijifunga kitambaa kwenye kile kidole, akakichovya kwenye majivu na magadi, akamkwangua Elia ulimi. Ikatoka damu imechanganyika na ule weupe. Akafutia kitambaa kwenye sketi yake, akarudia na kile kile. Ugoro, damu, maziwa yaliyochacha: harufu ile naisikia hata sasa.

Elia akazidi kukataa ziwa. Hapo bibi akadai kipimo cha sisimizi. Mama akamulie tone kwenye jani la mgomba. Sisimizi akifa, maziwa ni machafu, mama arudi kwao na mtoto abaki anyweshwe ya ng'ombe.

Sisimizi akazama. Wanawake wakaguna.

Mama alifunga kanga yake, akaenda kwa ng'ombe, akarudi na maziwa kidogo kwenye kata.

“Mae, mpime na ng'ombe wako,” alimwambia mkwewe. “Huenda naye ana bwana.”

Sisimizi wa pili akazama vile vile. Mwanamke mmoja alicheka puani, akajifanya anakohoa. Bibi akachukua ugoro, akageukia migomba. Mama akambeba Elia, akashuka naye zahanati. Nesi akasema ni fangasi, akampa mama dawa ya kumpaka mtoto mdomoni na kujipaka mwenyewe kwenye chuchu, maana huambukizana. Anyonyeshe tu, na mtu asimkwangue tena.

Elia leo ni babu, na hakuna anayemshinda kwenye nyama. Na bibi alimpenda, hilo silikatai. Ndiyo maana alikwangua kwa nguvu vile.

Juzi mjukuu wangu anayeishi Shirimatunda aliniletea kichanga chake, mdomo mweupe vile vile. Jirani akasema, “Bibi, si ninyi wa zamani mnajua kukwangua?” Nikatazama kidole gumba changu. Nilikuwa nimetoka kukamua, na ukucha ulikuwa mweusi. Nikakificha ndani ya kanga, nikamwambia mjukuu avae viatu, twende hospitali.