Mahali pa Kuanikia

Mtaani walimwita Bi Povu, naye hakukasirika. Viganja vyake vilikuwa vimechujuka kama kitambaa cha zamani, kwa miaka ishirini na miwili ya kufua nguo za watu. Alifulia uani kwake, lakini ua wenyewe ulikuwa wa hatua nne, na jua lilipita pale haraka kama mgeni asiyetaka kuketi. Kwa hiyo nguo alizianika nyuma ya nyumba, kwenye uwanja wa manispaa ambao haukuwahi kujengwa. Huko jua lilishinda tangu asubuhi hadi jioni, na upepo ulipita bila kugonga ukuta wowote.

Alikuwa na desturi moja. Kila jioni, akishaanua nguo, alikunja kamba, akang'oa nguzo, akazilaza kando ya ukuta wake, kisha akafagia uwanja mzima.

"Mahali si pangu," alisema. "Nikiondoka pawe kama sijafika."

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ndiye aliyesuuza na kukamua pamoja naye. Ulimi wake haukuwa na likizo.

"Wewe wifi, siku ukifa utaamka kwanza ufagie kaburi."

"Na wewe utakuja kunikanyagia na miguu yako ya matope."

Alhamisi moja mjumbe wa mtaa alipita akabisha hodi. Akasema Jumatatu watakuja watu wa mipango miji, wanazungukia viwanja vyote vya wazi na kuandika kila kimoja kinatumikaje.

"Msiwe na hofu. Wanaangalia tu."

Hofu ilimwingia. Shuka za nyumba ya wageni aliyoifulia zilikuwa thelathini kwa siku, na uani kwake hazingekauka hata nusu. Bila uwanja ule hakuwa na kazi, na kazi nyingine hakuijua. Alikaa siku tatu akiwaza atawaonyeshaje wakubwa kwamba yeye si mharibifu.

Jumatatu hakufua. Aling'oa nguzo alfajiri, akafukia mashimo yake kwa udongo, akayashindilia kwa kisigino mpaka yasionekane. Akafagia mara mbili. Akanyunyiza maji ili vumbi litulie.

"Kwa nini tusianike tu, waone?" wifi aliuliza.

"Wageni wanakuja, halafu uwapungie chupi za watu usoni?"

Wifi akacheka hadi akajishika mbavu, na mjadala ukaishia hapo.

Walikuja wawili, afisa kijana mwenye karatasi mkononi na dada mmoja aliyepiga picha kwa simu. Bi Povu alisimama mlangoni na gauni lake la safari.

"Shikamoo mama. Hapa pasafi kweli."

"Marahaba, mwanangu. Tunapatunza."

Afisa akaandika kitu, akashukuru, wakaenda zao. Siku nzima ile Bi Povu aliimba.

Miezi tisa baadaye mjumbe alimletea habari huku akitazama chini. Uwanja umetolewa. Litajengwa ghorofa, maduka chini, watu juu. Kwenye fomu ya ukaguzi, palipoulizwa matumizi ya sasa, paliandikwa neno moja: hakuna.

Alikwenda ofisini na gauni lilelile. Afisa alimkumbuka, akampa kiti.

"Mama, nilikuja mwenyewe. Sikuona hata kamba."

"Nilizitoa kwa ajili yenu."

Kijana akafunua faili, akalifunika.

"Tangazo lilibandikwa hapo nje. Muda wa kuweka pingamizi ulikwisha mwezi uliopita."

"Nikizirudisha nguzo leo, ukaja kuona?"

"Nitaona, mama. Lakini nitaandika wapi?"

Ukutani palikuwa na ramani kubwa ya mji, na afisa alimpeleka mbele yake, labda kwa huruma, labda kwa kukosa la kusema. Shule zilikuwa na rangi yake, masoko rangi yake, maegesho ya magari rangi yake. Bi Povu alitafuta nyumba yake kwa kidole, akakuta ni kijimstari.

"Mahali pa kuanikia huwa rangi gani?"

Afisa alicheka kidogo, kisha akaona mama hatanii.

"Haipo, mama."

Akarudi nyumbani. Akaendelea kufua, maana angefanya nini, na kila jioni akaendelea kufagia.

Hakuna aliyemwambia siku. Jumanne moja, shuka zote thelathini zikiwa zimetoka tu kukamuliwa na kuning'inizwa, lori la mabati liliingia uwanjani. Msimamizi wa mafundi alikuwa mtu mzima, mwenye adabu.

"Nipe mpaka zikauke," Bi Povu alimwomba.

"Zitakauka saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Saa tisa tutakuwa tumeshazungushia, mama. Mimi nimepewa mabati tu."

Mafundi wenyewe waliwasaidia kuanua. Walizipokea kwa uangalifu, wakizishika kwa ncha za vidole ili wasizichafue, na huo wema ndio uliomkata maini zaidi. Uani ziliingia kumi na moja, zikibanana mpaka hewa haikupita. Nyumba ya wageni ilizihitaji zote jioni ile.

Basi walitoka na shuka moja uchochoroni, palipobaki kipande cha jua. Bi Povu alishika pembe mbili, wifi mbili, wakainyoosha kati yao juu ya vichwa. Wapita njia waliinama wakapita chini yake. Nyuma ya nyumba nyundo zilikuwa zinagonga.

"Wifi, mikono inaniuma," wifi yake alisema.

"Jikaze kidogo."

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na nane."

Wifi hakutania. Shuka ilikuwa bado inachuruzika, maji yakishuka mikononi mwao hadi kwapani.