Nahodha Ukunguni

Msimu wa kwanza wa timu ya chuo chetu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kukimbia na mpira mikononi, pale Ohio, nahodha alifuga nywele ndefu zimkinge kichwa, maana enzi hizo hatukuwa na kofia ngumu za mchezo. Aliusugua mpira kwa kidole gumba, taratibu, akiimba kwa sauti ya chini. Hatukuwa tumepata hata pointi moja. Mechi ya mwisho ukungu ulishuka. Akaukumbatia mpira, akapotea. Tulimkuta ameulalia ng'ambo ya mstari wa goli wa wapinzani, akicheka peke yake.

"Sikuona," mwamuzi akakataa kutupa pointi.

"Kipofu wewe!" tukafoka.

Nahodha akajifuta damu puani. "Acheni, ndugu zangu. Kule nimeshafika. Njooni niwapeleke."

Tukamfuata wote ukunguni, na safari hii mwamuzi alikimbia nasi, aone mwenyewe.